Ndevu zinanizidi na harusi iko karibu, nifanyeje?

BintiLangoni, Lamu

Assalam aleikum dada zangu na mama zangu. Nawaomba mnisome mpaka mwisho manake hili jambo sina wa kuliongea naye uso kwa uso, hapa Lamu kila mtu ni jamaa ya mtu. Mie nina miaka 24. Nilipokuwa sekondari nilianza kuota nywele kidevuni, mwanzo mbili tatu, nikizing'oa kwa kibanio na mambo yanakwisha, sasa hivi si malaika tena ni ndevu kabisa, nyeusi na ngumu, zimeanzia chini ya kidevu zikashuka shingoni na kupanda huku kwenye taya, juu ya mdomo pia zipo, na tumboni chini ya kitovu kuna mstari mzima. Nyumba yetu ni ya kizamani, ndani mwanga hautoshi, kwa hivyo jua likichomoza tu napanda darini na kioo kidogo nianze kunyonyoa moja moja kabla watu hawajapanda kuanika nguo. Ngozi ya kidevu imejaa madoadoa meusi na vipele ambavyo ndani yake kuna unywele umejikunja, ukigusa unauma. Nikitoka navaa ninja alhamdulillahi, lakini kwenye maharusi wanawake tukiwa peke yetu tunafunua, hapo ndipo moyo hunienda mbio.

Sasa nimeposwa, harusi inshallah mfungo tatu. Nikifikiria siku ya kusingwa, mpambaji kanishika uso na mawifi wamenizunguka, usingizi haunijii. Shangazi yangu mmoja aliwahi kuziona akasema mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya mali, mwengine akasema nitazamwe nisije nikawa na jini. Naomba kuuliza, ni kweli ukipitisha wembe zinaota maradufu? Kuna dawa ya kuzimaliza kabisa? Na kuzitoa ni halali au ndio ile iliyokatazwa? Hedhi yangu pia haina mpango, huenda miezi miwili mitatu bila kuiona, sijui kama inahusiana ama nachanganya mambo. Kubwa kuliko yote naogopa isije ikawa mimi si mwanamke kamili na sitazaa.

MamaNuru, Malindi

Waaleikum salam mdogo wangu. Kwanza pumua. Mie ninazo, dada yangu anazo, na marehemu nyanya yetu alikuwa nazo na alizaa watoto na wajukuu anawasahau majina. Hauko peke yako hata kidogo, kwa kila wanawake mia walio kwenye umri wa kuzaa, kati ya watano na kumi wana hizi nywele ngumu sehemu ambazo kawaida huota kwa wanaume. Ukikaa kwenye harusi yenye wanawake mia mbili basi jua humo ndani mko wengi, kila mmoja anadhani ni yeye tu.

La wembe nalijibu mie manake nimelisikia maisha yangu yote. Si kweli. Wembe unakata unywele juu ya ngozi, shina liko chini halijaguswa wala halina habari. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, ukikatwa unabaki butu, kwa hivyo ukichipuka tena unauhisi mkavu unachoma kama mkeka mpya, basi watu husema umenenepa. Kuna mtaalamu wa Marekani, Mildred Trotter, alilichunguza hili tangu mwaka 1928 akaona kunyoa hakuongezi unene wala kasi ya kuota. Zako zimeongezeka kwa sababu ya kinachoendelea ndani ya mwili, sio kwa sababu ya kitu ulichofanya.

Hivyo vipele sasa ndio vinanihuzunisha mie. Nywele zetu zimejikunja, ukiing'oa inakatikia ndani ya ngozi, ikiota inapotea njia inachimba pembeni, ngozi inafura, ikipoa inaacha doa. Wewe kila siku uko na kibanio utapona saa ngapi. Weka kibanio chini kwa muda. Loweka kitambaa kwenye maji vuguvugu ukibandike kidevuni kidogo, paka sabuni au jeli, nyoa kufuata nywele zinakolala, usizirudishe nyuma, usivute ngozi, wembe wako mwenyewe na mpya, halafu upake mafuta yasiyo na marashi. Usitumbue. Ukoo wenu kama una watu wa makovu yanayovimba yakawa manundu, hapo uwe muangalifu mara mbili, manake kidevu na taya ni mahali pabaya kwa makovu hayo.

Sukari na ndimu iliyopikwa mpaka ikavutika ni nzuri kwa miguu na mikono, lakini kwenye kidevu chenye vipele kama chako usiiweke sasa, utaongeza moto. Uzi pia vilevile, ngoja ngozi itulie.

Mrembo_wa_Barani

Shoga mbona unajitesa, kuna krimu zinauzwa madukani za kuchanganya, unapaka usiku, nywele zinakuwa nyepesi na uso unang'ara kabisa na madoa yanaondoka, mie nilimuona bi harusi mmoja alitumia akatoka kama mwezi. Na manjano na liwa kila siku zitakufa zenyewe.

NesiPwani, Malindi

Dada hapo juu najua nia yako ni njema lakini hiyo krimu ya kuchanganya naomba nisimame njiani kabisa. Nafanya kazi na wagonjwa wa ngozi na nimeona nyuso zilizoharibika za wasichana wadogo. Nyingi ya hizo krimu zina steroidi kali ndani, betamethasoni au klobetasoli, mwanzo uso unang'ara kweli, baadae ngozi inakuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, chunusi zinamwagika, na steroidi ukiipaka usoni kwa muda inaweza yenyewe kuotesha nywele. Yaani unanunua kile unachokikimbia. Nyengine zina zebaki, hiyo inakwenda kwenye figo, na krimu za zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku hapa Kenya sio kwa bahati mbaya. Liwa na manjano paka, ni kipodozi chetu na kina raha yake, ila shina la unywele halisikii liwa.

Sasa BintiLangoni mamii, nakuja kwako. Katika maandishi yako yote kuna sentensi moja uliiweka mwishoni kama umejisahau, kwamba hedhi inapotea miezi miwili mitatu. Mimi hiyo ndiyo nimeishika. Huchanganyi mambo. Ndevu na hedhi kupotea mara nyingi ni jambo moja linajionyesha mahali pawili.

Kila mwanamke ana homoni za kiume, androjeni, kidogo tu, zinatoka kwenye ovari na kwenye tezi zilizo juu ya figo. Zikizidi, au ngozi yako ikiwa inazipokea kwa nguvu zaidi, yale malaika ya kidevuni yanageuka kuwa nywele nene. Sababu inayoongoza kwa mbali ni hali inayoitwa PCOS, kirefu chake polycystic ovary syndrome. Madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliieleza mwaka 1935, kwa hivyo sio ugonjwa mpya wala hauletwi na simu. Shirika la Afya Duniani linasema iko kwa wanawake kati ya 10 na 13 katika kila mia walio kwenye umri wa kuzaa, na wengi wao hawajawahi kuambiwa kama wanayo. Kwa wengi mwili unakuwa hauisikilizi vizuri insulini, ile homoni inayosimamia sukari, kongosho inatoa insulini nyingi zaidi, na insulini hiyo ikizidi inaichochea ovari itoe testosteroni, yai halikomai sawasawa, hedhi inachelewa, na kidevuni unapata majibu yake. Inapita kwenye familia, muulize mama na hao shangazi kuhusu sukari na hedhi zao. Na mtu akisema ni ya wanene tu usimsikilize, wembamba pia wanayo.

Sijakupima kwa hivyo sisemi ni hiyo. Kuna wanawake wana ndevu na hedhi inakuja kama saa na homoni ziko sawa, hao ngozi yao tu ndiyo ilivyo. Kuna dawa pia huotesha nywele, ya kifafa ya fenitoini, minoksidili ya kupaka kichwani, steroidi za vidonge. Ila kuna jambo la kwenda haraka hospitali bila kungoja, ikiwa nywele zimelipuka ndani ya miezi michache, sauti imekuwa nzito, nywele za mbele kichwani zinapotea, misuli inajitokeza au kinembe kimekuwa kikubwa, hapo lazima uangaliwe uvimbe wa ovari au wa tezi ya juu ya figo. Zako zimekuja polepole tangu sekondari, hiyo inanitia moyo.

Nenda King Fahd hapo hapo Lamu uombe kuonana na daktari, ukiona haya kwa sababu ya watu kukujua basi panda boti mpaka Mokowe uchukue basi uje Malindi, huku nani anakujua. Wana kipimo cha kuzitazama nywele kwa macho tu, cha tangu 1961, cha Ferriman na Gallwey, wanaangalia sehemu tisa za mwili, kila moja inapewa 0 mpaka 4, ikifika 8 kwa kawaida ndio wanasema zimezidi. Halafu damu: testosteroni, prolaktini, tezi ya shingo, homoni moja inaitwa 17-OHP ambayo huchukuliwa asubuhi, na sukari. Sampuli nyengine huenda zikapelekwa Mombasa au Nairobi, uliza bei ya kila kimoja kabla hujatoa mkono. Na hili wengi hawaambiwi: kwa mtu mzima, ikiwa hedhi haieleweki na dalili za homoni za kiume zipo, na hayo magonjwa mengine yameondolewa, muongozo wa kimataifa wa 2023 unasema hata altrasaundi si lazima ili useme ni PCOS. Kwa hivyo usikae nyumbani ati unangoja pesa ya altrasaundi.

Kwa nini nakazania hedhi kuliko ndevu? Manake ukikaa muda mrefu bila kuiona, ukuta wa ndani wa kizazi unazidi kunenepa bila kusafishwa, miaka ikienda hiyo inaongeza hatari ya saratani ya kizazi chenyewe. Na sukari pia hunyemelea. Ndevu haziui mtu.

TotoLaShela, Lamu

Nesi Mungu akulipe. Mie niliambiwa kwenye kliniki moja "punguza kula utapona" na nikatoka bila hata kupimwa damu, nilikaa na hilo neno muda mrefu. BintiLangoni ukiambiwa hivyo usiinuke kwenye kiti. Mie ninayo PCOS na natumia vidonge vya uzazi wa mpango, vile vya homoni mbili, na ndevu zimepungua kasi, zamani nilinyoa kila siku sasa siku kadhaa napitisha. Lakini ilichukua muda, nilikaribia kuvitupa. Alafu kuna dada mmoja Uingereza, Harnaam Kaur, ana PCOS hiyo hiyo na aliamua kuziachia ndevu zake zote, mwaka 2016 akapita nazo kwenye maonyesho ya mavazi London. Sikwambii ufanye hivyo siku ya harusi, nakwambia tu nilipomuona nililia kwa furaha manake nilijua kumbe mtu anaweza kusimama nazo mbele ya watu.

MwalimuWaChuo, Lamu

Assalam aleikum. Samahani mimi ni mwanamume nimeingia kwa sababu ya lile swali la halali. Lililokatazwa kwenye hadithi ni namsi, na maulamaa wengi wameifafanua kuwa ni kunyonyoa nyusi au nywele za uso kwa kujipamba. Lakini Imam Nawawi, ambaye ni nguzo katika madhehebu yetu ya Shafii, kwenye sherhe yake, yaani maelezo yake, ya kitabu cha hadithi cha Sahihi Muslim ameitoa wazi hali ya mwanamke aliyeota ndevu au masharubu, akasema kuziondoa si haramu bali kwetu sisi inapendeza kuziondoa. Kwa hivyo binti yangu nyoa na moyo wako uwe baridi. Na kutafuta dawa ni katika sunna. Hayo ya jini waachie wenyewe, aliyepata maradhi hapelekwi kwa mganga kabla ya kwa daktari.

BintiLangoni, Lamu

Wallahi nimesoma huku nalia. Jazakallah kheri Mwalimu, na nyote. Nesi naomba kuuliza, hivyo vidonge vya TotoLaShela naweza kuanza sasa ili mfungo tatu nikifika uso uko safi? Na leza je, nimeona tangazo la Mombasa. Na sisi tunataka mtoto mapema, mchumba wangu ndivyo anavyosema.

NesiPwani, Malindi

Hapo kwenye mtoto umenisaidia kusema, na kamwambie daktari maneno hayo hayo kabla hajaandika kitu, manake yanabadilisha dawa yote.

Vidonge vya homoni mbili ndivyo vinavyoanzwa kwa wengi, vinashusha testosteroni na vinairudisha hedhi kwenye mpango, lakini unywele una mzunguko wake wa kuota, matokeo ya kidevuni usiyategemee kabla ya miezi sita hivi, na bila shaka ukivitumia hushiki mimba. Havifai kwa kila mtu, mwenye presha, mwenye historia ya damu kuganda, au anayepata kipandauso kinachoanza kwa kuona vimulimuli, lazima aseme. Kuna nyengine, spironolaktoni, inaizuia androjeni isifanye kazi kwenye shina la unywele, hiyo ni hatari kwa mtoto wa kiume tumboni kwa hivyo haitolewi bila kinga ya mimba. Metformini inasaidia sukari na hedhi, kwa ndevu peke yake haifanyi kubwa, usije ukavunjika moyo. Kuna krimu ya eflonithini inapunguza kasi ya kuota, dawa ile ile hutibu malale kwa sindano, ila mimi kwenye chemisti za huku sijaikuta.

Kwa hiyo kwa harusi yako nyoa tu, kwa utaratibu wa MamaNuru, uanze sasa ili vipele vikauke kabla ya siku ya kusingwa, na hiyo singo wasikusugue kidevu kwa nguvu. Leza sio mbaya lakini kwa ngozi yetu nyeusi uliza mashine gani, ile ya Nd:YAG ya mawimbi ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwetu, nyengine zinaweza kukuunguza ukabaki na mabaka. Inataka kurudiwa mara nyingi, haimalizi zote, na homoni zikiwa bado juu zinaota mpya, wengine hata huzidi. Mtu akikuahidi kumaliza kwa siku moja ondoka.

La kuzaa sasa. Wewe ni mwanamke kamili. PCOS inachelewesha yai, haikuondolei uzazi, wengi wanashika mimba wenyewe na wengine wanasaidiwa na vidonge, letrozoli ndiyo inayoanza siku hizi. Mwenye uzito mkubwa akipunguza kidogo tu, hata kilo tano kwa aliye na mia, mara nyengine yai linarudi lenyewe.

KhaltiWaMkomani, Lamu

Mwanangu, mimi nimeshakata hedhi, na kidevu changu kilianza baada ya hapo, daktari akaniambia homoni ya kike imeshuka na ile nyengine imebaki, hivyo hata mama zako wa umri wangu wananyoa, hawasemi tu. Nakuomba jambo moja. Mpambaji mchague wewe, mtu unayemuamini, umwambie mapema mko wawili, wapambaji wetu wameona mengi na wana ulimi wa kuficha. Na mchumba naye, ukishapata majibu ya hospitali, mwambie hali yako ya hedhi kabla ya nikaha kupitia mtu wa heshima au wewe mwenyewe kwa adabu. Nyumba nyingi nimeziona zikigombana kwa kuchelewa mtoto na mama mkwe anamlaumu mke, kumbe ni jambo lina dawa na mume angejua wangekwenda pamoja.

BintiLangoni, Lamu

Khalti nimekusikia. Jumatatu nakwenda inshallah, dada yangu mkubwa nimemwambia jana usiku na amesema atanisindikiza, kumbe na yeye ananyoa. Nesi la mwisho, niziache ziote ndio daktari azione? Nitatokaje nyumbani hivyo.

NesiPwani, Malindi

La, usijitese. Ziache siku mbili tatu ukiwa nyumbani, piga picha ya kidevu, shingo na huo mstari wa tumbo kwenye mwanga mzuri huko darini, kisha nyoa uende na picha. Andika kwenye karatasi tarehe za hedhi unazozikumbuka kwa mwaka huu, na kila dawa, sindano ya uzazi au krimu uliyowahi kutumia, ukiwa kwenye vidonge vya homoni vipimo vya damu vinadanganya kwa hivyo usianze chochote kabla. Nenda asubuhi bila kula kwa ajili ya sukari. Mwambie daktari maneno haya, "hedhi yangu hupotea miezi mitatu na naota ndevu, nataka nipimwe homoni," useme la hedhi kwanza. Na hizo picha ukishazionyesha zifute, simu za nyumbani hupita mikono mingi.